Dakika ya ukimya iliyokataliwa: uchambuzi wa kisa cha Cao Shunli

Septemba 14, 2013, Cao Shunli alifika uwanja wa ndege wa Beijing akiwa na safari ya Geneva. Alikuwa anakwenda mafunzoni: mifumo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa inafanyaje kazi, nani anaandikiwa barua, kikao kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Hakuwa na hotuba mfukoni. Mwezi uliofuata, Oktoba 22, nchi yake, China, ilikuwa inaingia kwa mara ya pili kwenye mapitio ya Umoja wa Mataifa ya hali ya haki za binadamu ya kila nchi, yale ambayo watu wa asasi za kiraia huyaita UPR tu, na yeye alitaka kuijua mashine hiyo kwa ndani. Maofisa walimzuia pale pale uwanjani. Wiki zikapita ndugu zake hawajui yuko wapi. Machi 14, 2014, miezi sita kamili tangu siku ile, alifariki katika hospitali moja ya Beijing.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na jasiri alikuwa. Lakini kila ninapokirudia naona kinatufundisha zaidi kuhusu karatasi. Cao aliokota sentensi moja kwenye azimio la Umoja wa Mataifa, sentensi ambayo wengi wetu tunaipita tukitafuta tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ripoti, akaisoma kwa makini, kisha akaidai serikali yake itekeleze.

Sentensi yenyewe imo katika azimio namba 5/1 la Baraza la Haki za Binadamu, la Juni 2007, ambalo ndilo lililoweka kanuni za UPR baada ya Baraza lenyewe kuundwa mwaka 2006. Kwa mujibu wa kanuni hizo kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa hupitiwa na wenzake, kubwa na ndogo, kwa zamu. Mezani huwa na nyaraka tatu. Ya kwanza ni ripoti ya serikali, isiyozidi kurasa 20. Ya pili ni mkusanyo wa taarifa za vyombo vya Umoja wa Mataifa, kurasa 10. Ya tatu ni muhtasari wa yote yaliyoletwa na asasi za kiraia na wadau wengine, nao kurasa 10. Kurasa hizo kumi ni za asasi zote, za ndani na za nje, iwe nchi ina watu laki tatu au zaidi ya bilioni moja.

Kuhusu ripoti ya serikali, azimio linasema nchi zinahimizwa kuiandaa kwa kushauriana kwa mapana na wadau wote husika nchini. Zinahimizwa. Wanadiplomasia hawachagui kitenzi kwa bahati mbaya. Anayehimizwa akikataa hajavunja kitu, na aliyemhimiza hana pa kumshtakia. Wengi tunaijua sentensi hiyo na tumeshaizoea. Tunainukuu kwenye utangulizi wa ripoti kivuli, zile asasi huandika sambamba na ya serikali, kisha tunaendelea na mengine. Cao alikuwa mwanasheria, na aliisoma kama mwanasheria anavyosoma ahadi: kama serikali imekubali kuhimizwa mbele ya dunia, basi raia ana haki ya kuuliza imefanya nini kuhusu himizo hilo.

Alizaliwa mwaka 1961, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Peking, akafanya kazi katika taasisi ya utafiti iliyokuwa chini ya wizara ya kazi. Kazi hiyo aliipoteza baada ya kulalamikia ufisadi katika ugawaji wa nyumba za watumishi. Tangu hapo alikuwa miongoni mwa watu ambao China inao kwa maelfu: wenye malalamiko ya ardhi, nyumba, kazi au kesi zilizopindishwa, wanaosafiri hadi mji mkuu na bahasha zao kwenda kugonga milango ya ofisi. Kuanzia mwaka 2008 yeye na wenzake walianza kukusanya habari za watu hao. Walitaka ziingie kwenye mpango wa kitaifa wa haki za binadamu, na pia kwenye ripoti ya mapitio ya kwanza ya China, yaliyofanyika Februari 2009. Malipo yake yalikuwa kupelekwa mara mbili kwenye kambi za kurekebishwa kwa kazi, mara ya kwanza mwaka mmoja, mara ya pili mwaka na miezi mitatu.

Hapa pana jambo ambalo wachambuzi huliruka. Kushiriki katika UPR kumekuwa kazi ya wataalamu: watu wenye ofisi, wanaojua lugha ya Geneva, wanaoweza kubana mateso ya kijiji kizima ndani ya maneno 2,815, kiwango kinachoruhusiwa kwa asasi inayowasilisha peke yake. Siwalaumu, hiyo kazi inahitajika. Cao aliianzia upande wa pili. Yeye aliwachukua watu wasio na asasi yoyote, wenye bahasha zao, akawaambia kwamba na ninyi ni wadau. Neno wadau katika azimio halikuwekewa mpaka, naye aliliacha lienee.

Kazi hiyo ilifuata hatua za kawaida kabisa. China ina kanuni za uwazi wa taarifa za serikali zilizoanza kutumika Mei 2008, zinazomruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi. Cao na wenzake waliiandikia Wizara ya Mambo ya Nje: ripoti ya taifa inaandaliwa na nani, nani ameshirikishwa, na sisi tunashirikije? Jibu likaja kwamba taarifa hizo ni siri ya serikali. Wakaenda mahakamani. Mahakama ikasema UPR ni suala la kidiplomasia, na masuala ya kidiplomasia hayaingiliwi na mahakama.

Yaweke majibu hayo mawili mezani, na pembeni yake uiweke ripoti ambayo serikali iliipeleka Geneva mwaka 2013, kwa mapitio ya pili. Ripoti ilieleza kwamba maoni ya asasi na taasisi za kitaaluma yalitafutwa katika kuiandaa. Kwa hiyo mashauriano yalikuwepo ya kutosha kutajwa mbele ya dunia nzima, ila orodha ya walioshauriwa ilikuwa siri kwa raia aliyeiomba. Mtu akiniuliza asasi zinaweza kuvuna nini kutokana na barua ambayo jibu lake linajulikana kabla haijatumwa, humpa mfano huu. Barua ya Cao haikupata taarifa. Ilichokipata ni maandishi ya serikali yanayogongana na maandishi mengine ya serikali hiyo hiyo, na hilo lina nguvu kuliko kurasa nyingi za lawama.

Tuwe wakweli pia kuhusu ile mahakama. Hoja yake si ya kipuuzi. UPR iliundwa na serikali kwa ajili ya serikali. Wanaoulizana maswali katika kikao cha mapitio ni nchi kwa nchi, na asasi hukaa nyuma zikisikiliza bila ruhusa ya kusema neno. Mahakama iliichukua sura hiyo ikaisukuma hadi mwisho wake: kama ni mazungumzo ya mataifa, raia anaingiaje? Jibu liko kwenye sentensi ile ile ya mashauriano, lakini sentensi ile inahimiza tu.

Juni 18, 2013, walikwenda kukaa mbele ya Wizara ya Mambo ya Nje. Walikesha nje, polisi wakawatawanya, wakarudi. Ilichukua zaidi ya miezi miwili. Nimesikia watu wakisema kwamba hapo ndipo alipokosea, kwamba kukaa mlangoni pa wizara katika nchi ile ni kuutafuta ugomvi. Sikubaliani. Angalia mpangilio: maombi ya maandishi, kukataliwa kwa maandishi, kesi, kesi kutupwa, ndipo kukaa mlangoni. Na kinachodaiwa mlangoni ni kushirikishwa katika kuandika ripoti. Ukitafuta dai dogo kuliko hilo katika historia ya maandamano utatafuta sana.

Kisha ndiyo ikaja ile siku ya uwanja wa ndege. Siku hizo hizo mwenzake, Chen Jianfang, aliyekuwa anakwenda kwenye mafunzo yale yale, alizuiwa katika uwanja wa Guangzhou.

Sasa tazama kalenda ya Geneva wakati Cao hajulikani alipo. Baraza la Haki za Binadamu lilikuwa kwenye kikao chake cha 24. Septemba 27 lilipitisha azimio, namba 24/24, kuhusu kulipiziwa kisasi kwa watu wanaoshirikiana na Umoja wa Mataifa, likimtaka Katibu Mkuu ateue ofisa mwandamizi wa kulishughulikia. Desemba, Baraza Kuu mjini New York likaahirisha jambo hilo. Katikati ya matukio hayo mawili, Novemba 12, China ilichaguliwa kuwa mwanachama wa Baraza la Haki za Binadamu kwa kura 176, kuanzia Januari 2014. Mapitio yake ya Oktoba 22 nayo yalishafanyika: nchi 137 zilizungumza ndani ya dakika 140, kwa hiyo kila moja ilipata kama dakika moja, na mapendekezo yakafika 252. China baadaye iliyakubali 204.

Cao alikuwa mahabusu katika wilaya ya Chaoyang, akituhumiwa kwa kosa ambalo sheria ya China huliita kuchokoza ugomvi na kuzusha vurugu. Ni kosa pana kama turubai, humfunika yeyote. Alikuwa na kifua kikuu, maradhi ya ini na uvimbe kwenye mji wa mimba. Wakili wake, Wang Yu, na ndugu zake waliomba atibiwe, wakaomba aachiwe kwa sababu za kiafya, na kwa maelezo yao hawakusikilizwa hadi hali ilipokuwa mbaya. Februari 19, 2014, alikimbizwa hospitali akiwa mahututi. Serikali kwa upande wake ilisema alipewa matibabu ya dhati na kwamba haki zake za kisheria zililindwa. Alikuwa amependekezwa kati ya watatu wa mwisho wa Tuzo ya Martin Ennals ya watetezi wa haki za binadamu mwaka huo.

Alipofariki, Baraza lilikuwa kikaoni tena, kikao cha 25, na kwenye ratiba kulikuwa na jambo moja la China: kupitisha rasmi matokeo ya mapitio yake.

Hatua hiyo ya kupitisha ndiyo pekee ambapo asasi huruhusiwa kusema katika UPR yote. Zinapewa dakika 20. Wasemaji ni kumi, dakika mbili kila mmoja, na lazima asasi iwe na hadhi ya ushauri katika Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa. Nafasi hizo hugombewa. Ukiipata, unaandika hotuba yako, unaipunguza, unaisoma kwa saa mkononi, unaipunguza tena, kwa sababu kipaza sauti kikizimwa hakisubiri umalizie.

Machi 20, 2014, katika Chumba namba XX pale Palais des Nations, makao ya Umoja wa Mataifa Geneva, chini ya lile dari la Miquel Barceló linaloning'inia rangi kama pango, shirika la International Service for Human Rights lilifika kwenye zamu yake likafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mazoea. Mzungumzaji alimtaja Cao, kisha akaomba sehemu iliyobaki ya dakika zake itumike kwa ukimya.

Ujumbe wa China ukainuka: kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Rais. Hoja yao ilikuwa kwamba muda wa kuzungumza ni wa kuzungumza. Nchi nyingine zikaunga mkono. Nyingine zikapinga, zikisema muda ukishapewa msemaji ni wake, akitaka atumie maneno, akitaka anyamaze. Mjadala ukapita saa moja. Uamuzi wa Rais wa Baraza, Baudelaire Ndong Ella wa Gabon, ulipingwa, ikapigwa kura, na upande wa China ukashinda: ukimya hauruhusiwi. Kule nyuma, watu wa asasi walisimama wima, kimya, wameinua picha za Cao. Hakuna kanuni ya utaratibu inayomkataza mtu kusimama.

Nimeifikiria kura hiyo mara nyingi na sijapata msimamo mmoja. Upo upande unaosema ulikuwa ushindi. Dakika ile ingeruhusiwa, ingepita na kusahaulika kabla ya chakula cha mchana. Ilipokataliwa, mashirika ya habari yaliibeba, na watu ambao hawajawahi kusikia neno UPR walisoma kwamba serikali kubwa imebishana kwa zaidi ya saa nzima ili chumba kisinyamaze. Kama mbinu, ni vigumu kuipita. Na haikuhitaji tuhuma hata moja ambayo ingehitaji kuthibitishwa.

Upande wa pili unanisumbua zaidi. Matokeo ya mapitio yenyewe yalipitishwa siku hiyo hiyo bila tatizo. Mapendekezo 252 yaligeuka mandhari ya nyuma. Tena hoja ya China, ukiivua nani anaisema, ina mantiki ya kikao: Baraza limewahi kunyamaza kwa heshima ya marehemu, lakini kwa ridhaa ya chumba kizima, na ridhaa hiyo haikuwepo. Asasi iliomba peke yake kitu ambacho kwa kawaida hutolewa na wote. Ukitaka kujifunza kitu kwa ajili ya siku ukiwa umekaa kwenye kiti kile, jifunze kwamba mlango wa utaratibu unafunguka pande zote mbili. Cao aliwabana wakubwa kwa utaratibu, nao wakaibana kumbukumbu yake kwa utaratibu.

Lakini kosa kubwa zaidi katika kisa hiki, kama ni kosa, halikutokea Chumba XX. Maandalizi ya asasi kwa UPR huelekezwa Geneva: viza, mikutano ya awali na balozi, hotuba, kadi ya kuingilia. Hatari katika kisa hiki yote ilikuwa nyumbani, na ilikuwa kabla. Ilikuwa kwenye barua ya kuomba taarifa, mlangoni pa wizara, kwenye foleni ya ukaguzi wa pasipoti. Aliyefika Geneva salama ameshapita sehemu mbaya, ingawa bado ipo ile ya kurudi.

Hii inabadilisha maswali ambayo shirika mwenyeji linapaswa kumuuliza mtu kabla ya kumkatia tiketi. Ana wakili anayejua kuwa anasafiri? Ana ugonjwa unaohitaji dawa kila siku, na nani atazidai dawa hizo kwa niaba yake akishikiliwa? Ni balozi zipi zimeambiwa mapema, kwa jina, na nani atazipigia simu asipotua saa iliyopangwa? Wataalamu huru wa Umoja wa Mataifa wanaweza kuandikiwa siku ile ile, na tangu Oktoba 2016 yupo ofisa mwandamizi aliyepewa jukumu la visa vya kulipiziwa kisasi, jukumu lile lile lililoahirishwa mwaka 2013. Kuna pia ripoti ya kila mwaka ya Katibu Mkuu inayotaja kesi hizo kwa majina, kama mwenyewe au familia imeridhia. Hakuna kati ya hivyo kinachofungua mlango wa mahabusu. Vinaongeza gharama ya kuufunga, na mara nyingine inatosha.

Swali la jina nalo lisichukuliwe kijuujuu. Michango ya asasi kwa UPR huwekwa hadharani kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu pamoja na jina la aliyeileta. Mtu anayeona hatari anaweza kupitishia taarifa zake kwenye muungano wa mashirika ulio nje, maneno 5,630 kwa mchango wa pamoja, jina lake lisionekane. Cao asingekubali, nadhani. Kuonekana ndilo lilikuwa dai lake zima: kwamba raia aulizwe, kwa jina lake, nchini mwake. Kwa hiyo ushauri wa kujificha, ambao mimi mwenyewe huutoa mara kwa mara, kwake ungekuwa sawa na kumwambia aache.

Kile kitenzi katika azimio 5/1 hakijabadilika. China imeshapitiwa mara mbili tangu wakati huo, Novemba 2018 na Januari 2024. Mwaka 2018 asasi kadhaa zililalamika kwamba michango yao haikuonekana kwenye muhtasari wa wadau. Mwaka 2024 nchi zaidi ya 160 zilijiandikisha kuzungumza, kila moja ikapata sekunde 45.

Na Chen Jianfang, yule aliyezuiwa Guangzhou, Machi 2019 aliandika makala ya kumkumbuka rafiki yake, miaka mitano tangu afariki. Siku chache baadaye polisi walimchukua.